"Soon" ni Lini? Somo Fupi la Kielezi Kinachotuchelewesha

Ndugu mwanachuo, fungua simu yako, ingia kwenye meseji, kisha tafuta neno "soon". Utalikuta tu. Mwenye nyumba wa Msasani Bonde la Mpunga, aliyekwisha pokea kodi ya miezi sita, kakuandikia: "Chumba kitakuwa tayari soon." Mwenzako wa kazi ya kikundi: "Naituma soon." Ofisi uliyoomba nafasi ya fildi: "We will get back to you soon." Rafiki yako naye: "Nipo Namanga hapa, nakuja soon," na kwa nyuma unasikia maji ya bafuni yanamwagika.

Ni neno la herufi nne, na hatukulifundishwa kwa nguvu darasani kwa sababu kila mtu anadhani analijua. Lakini hesabu vitu vinavyoning'inia juu yake: kodi, alama za kazi ya kikundi, nafasi ya fildi, boom. Neno linalobeba mzigo wa namna hiyo linastahili somo lake. Twende hatua kwa hatua: maana, matumizi, asili, halafu tuone lina uhusiano gani na sisi wa hapa.

Maana yake

"Soon" ni kielezi cha wakati. Maana yake ni "baada ya muda mfupi", ukihesabu kuanzia sasa au kuanzia wakati unaozungumziwa. Hiyo sehemu ya pili wengi huisahau. Ukisema "She joined the university in October and soon became class representative", hiyo "soon" haihesabiwi kutoka leo, inahesabiwa kutoka Oktoba. Kwa hiyo neno hili linaweza kukaa kwenye wakati ujao na kwenye wakati uliopita pia, ila siku zote linatazama mbele kutoka pale lilipotiwa nanga.

Sasa angalia kisicholetwa na maana hiyo: kipimo. Muda mfupi wa nani? "Soon" ya muuza chipsi ni dakika kumi. "Soon" ya mwanajiolojia anayeeleza jinsi Bonde la Ufa linavyozidi kutanuka inaweza kuwa miaka milioni kadhaa, na kwa fani yake hajasema uongo. Neno lenyewe halichagui. Anayechagua ni msemaji, na mara nyingi hachagui hadharani. Anakuachia wewe ukisie, na ukikosea kukisia anakuambia hakutaja siku.

Matumizi, na pale tunapoteleza

Makosa yetu mengi kwenye neno hili yanatoka kwenye Kiswahili chetu wenyewe, kwa hiyo yanaeleweka na yanarekebishika.

Kwanza, "soon" si "mapema". Ukifika kwenye chumba cha mtihani kabla ya muda, umefika "early". Sentensi "I reached the exam room soon" haimwambii msomaji kwamba uliwahi, inamwambia kwamba safari haikuchukua muda. Mtu anaweza kufika "soon" na bado akawa amechelewa.

Pili, "soon" si "haraka". Haraka ni mwendo wa tendo, nayo ni "quickly" au "fast". "Soon" ni umbali kati ya sasa na tendo lenyewe. "She will speak soon" maana yake zamu yake inakaribia. "She speaks quickly" maana yake utapata shida kuandika notisi.

Tatu, na hapa ndipo pagumu zaidi: "soon" si "hivi karibuni" ya nyuma. Kiswahili kina vielezi vinavyotazama pande mbili. "Mkuu wa chuo alitutembelea hivi karibuni" ni sahihi, na "Mkuu wa chuo atatutembelea hivi karibuni" ni sahihi vilevile. "Hivi punde" ni hivyohivyo: mtangazaji wa redio husoma habari zilizotufikia hivi punde, na mgeni anaweza kuwasili hivi punde. "Sasa hivi" pia: ametoka sasa hivi, anakuja sasa hivi. Kwetu kitenzi ndicho kinachoonyesha upande, kielezi kinasema tu kwamba ni karibu. Kiingereza kimegawa kazi hiyo kwa maneno mawili, "recently" kwa nyuma na "soon" kwa mbele. Ukiandika "The Vice-Chancellor soon visited us" ukikusudia kwamba alikuja majuzi, msomaji ataelewa kwamba kulikuwa na jambo fulani kabla, na baada ya jambo hilo haikupita muda akaja. Atarudi nyuma kulitafuta jambo hilo na hatalipata.

Nne, "as soon as" haipendi "will" mara baada yake. Sema "As soon as I get the money, I will pay you", usiseme "As soon as I will get the money". Wakati ujao unabebwa na upande wa pili wa sentensi. Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa sababu hata sisi hatusemi "mara nitakapokuwa nitapata". Tunasema "nikipata tu, nitakulipa".

Tano, "no sooner" hufuatwa na "than", na kitenzi kisaidizi hutangulia: "No sooner had the lecturer entered than the power went off." Kwa Kiswahili: mhadhiri kuingia tu, umeme ukakatika. Wengi huandika "when" badala ya "than", na hilo ni kosa.

Sita, "would sooner" haina habari ya saa kabisa. "I would sooner walk than beg for fare" maana yake ni afadhali nitembee kwa miguu kuliko kuombaomba nauli. Hapa ukaribu wa wakati umegeuka kuwa ukaribu wa moyo: jambo ambalo ningelifanya mapema zaidi ndilo ninalolipenda zaidi.

Na la nyongeza kwa wanaoandika barua za kuomba kazi. "At your earliest convenience" ni adabu, si haraka. Maana yake ni "utakapopata nafasi". Kama unahitaji jibu kabla ya Ijumaa, usitegemee maneno hayo yakuletee Ijumaa.

Asili yake

Hapa ndipo neno linapoanza kutoa siri.

Katika Kiingereza cha Kale, kile kilichozungumzwa takriban miaka elfu moja iliyopita na kabla ya hapo, neno hili lilikuwa "sona". Lina ndugu katika lugha nyingine za ukoo wa Kijerumani. Katika Kigothi, kwa mfano, lilikuwa "suns". Na "sona" haikuwa na maana ya "baada ya muda mfupi". Maana yake ilikuwa "mara moja, papo hapo". Mtu akisema anakuja "sona", basi ameshainuka.

Halafu kikatokea nini? Watu wakaahidi "sona" wakachelewa kidogo. Wasikilizaji wakazoea kuongeza dakika zao kichwani. Watoto waliokua wakilisikia neno hilo wakalishika kwa maana waliyoiona ikitendeka, si kwa maana iliyokusudiwa. Pole pole "papo hapo" ikalegea ikawa "si muda mrefu". Hakuna aliyekaa kikao akaamua. Neno lilichakaa kwa kutumika, kama soli ya kiatu.

Ungedhani ni bahati mbaya ya neno moja. Siyo. Waingereza walipoona "soon" imelegea walihitaji neno jingine la "papo hapo", wakatumia "anon", lililotokana na maneno yenye maana ya "katika moja", yaani kwa mpigo mmoja. Nalo likalegea likawa "baadaye kidogo", na leo limebaki kwenye vitabu vya zamani. Wakatumia "presently", ambalo kwa muundo wake ni la wakati huu huu tulio nao. Nalo likalegea: Mwingereza wa leo akikuambia daktari atakuona "presently", tafuta kiti.

Hili la "presently" lina funzo kwa wanafunzi wa fasihi. Katika tamthilia ya Shakespeare ya "The Merchant of Venice", Antonio anamtuma Bassanio akatafute mkopo mjini, na kielezi anachotumia ni "presently". Ukikisoma kwa Kiingereza cha leo utaona mtu asiye na pupa. Kwa Kiingereza cha wakati ule Antonio anasema nenda sasa hivi. Maana ya neno imegeuka, na tabia ya mhusika inaweza kugeuka nayo mikononi mwa msomaji asiye mwangalifu. Linganisha na mkopo wenyewe: dukati 3,000 kwa miezi 3. Zimepita zaidi ya karne nne na miezi mitatu bado ni miezi mitatu. Kielezi kimechakaa, tarakimu haikuchakaa.

Wala ugonjwa huu haukukaa Uingereza peke yake. Afrika Kusini ukiambiwa mtu anakuja "just now", usisimame mlangoni. Kwao hiyo ni baadaye, wakati wowote. Akitaka kusema hivi punde atakuambia "now now".

Na sisi je?

Kiswahili kimepita njia hiyohiyo. "Mara" tuliipata kutoka Kiarabu, na tulipotaka kusema papo hapo tukaiongezea "moja": njoo mara moja. Ona ajabu yake: "mara moja", "at once", "anon". Lugha zimeachana mbali, lakini zote zimeshika wazo lilelile la moja, la kutenda bila kugawa muda. Tukawa na "sasa hivi", ambayo kwa kuisoma ni sasa tena hivi, mkazo juu ya mkazo. Na leo mtu akikuambia "nakuja sasa hivi" unaendelea kula. Vijana tukaona "sasa hivi" imekwisha nguvu, tukaleta "fasta" na "chap". Hizo nazo zimeanza kulegea, maana siku hizi tunasema "fasta fasta" na "chap kwa haraka". Neno likihitaji kurudiwa ili liaminike, ujue limeshaanza safari ya "sona".

Nalisema hili kwa sababu kuna maneno tunayojitukana nayo bila kuyapima. Mtu akichelewa tunasema ni "saa za Kiafrika". Hata wasomi wamelijadili jambo la Mwafrika na wakati: John Mbiti, mwanafalsafa na mwanatheolojia wa Kenya, katika kitabu chake "African Religions and Philosophy" cha 1969, alitumia maneno yetu "sasa" na "zamani" kueleza fikra za jadi za Kiafrika kuhusu wakati, akadai kwamba wakati ujao wa mbali haukuwa na nafasi kubwa humo. Wasomi wengine walimpinga. Mimi nasema kwa upande wa lugha tu: kama kulegea kwa maneno ya haraka kungekuwa ushahidi wa kabila fulani kutojali saa, basi Waingereza wangekuwa wa kwanza kizimbani, na vielezi vyao vitatu vingetoa ushahidi dhidi yao. Kuahidi ni rahisi kuliko kutenda kila mahali, na maneno ya ahadi hulipia tofauti hiyo.

Siku "soon" ilipopewa tarehe

Wakazi wa Msasani wanajua kwamba Mwalimu Julius Nyerere aliishi hapa kwa miaka mingi. Ni yeye aliyetafsiri tamthilia hiyohiyo ya Venice na kuiita "Mabepari wa Venisi", iliyotoka 1969, baada ya "Julius Caesar" ya 1963. Lakini kabla ya kuhangaika na vielezi vya Shakespeare, alikuwa amekwisha hangaika na kielezi kikubwa zaidi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, ikiendeshwa na Uingereza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945 ulisema nchi za namna hiyo zisaidiwe kusonga hatua kwa hatua kuelekea kujitawala au uhuru. Soma tena: hatua kwa hatua. Hatua ngapi? Kufikia lini? Mkataba haukutaja.

Mwaka 1954, mwaka uleule TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai, ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulizuru nchi. Katika taarifa yake ujumbe huo ulifanya jambo lililowaudhi watawala: ulitaja miaka. Ulisema Tanganyika inaweza kujitawala ndani ya miaka 20 hadi 25. Leo tunaona ni mingi mno, lakini serikali ya Uingereza ilipinga, na kilichoikera ni kule kuweka ratiba. Ukikubali ratiba, mwenzako anaweza kukuhesabia. Machi 1955 Nyerere, wakati huo mwalimu wa Pugu, alisafiri hadi New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini, kwa nauli iliyochangwa na watu.

Machi 1961 pande mbili zilikutana Karimjee, Dar es Salaam, na safari hii wakatoka na tarehe: serikali ya ndani kuanzia 1 Mei, na uhuru kamili Desemba mwaka huohuo. Tarehe 9 Desemba 1961 bendera ikapanda. Kutoka New York hadi siku ile ni miaka sita na ushee, si ishirini wala ishirini na tano. Sisemi tarehe peke yake ndiyo iliyoleta uhuru. Watu waliufanyia kazi. Nasema kwamba "hatua kwa hatua" haikuwa kitu cha kumdai mtu, na "miaka 20" ilikuwa, hata kabla haijapunguzwa.

Dawa yake

Kama kielezi hakiaminiki, tufanye nini? Si kutafuta kielezi kikali zaidi, maana nacho kitalegea. Zipo dawa tatu.

Ya kwanza ni kulifunga neno kwenye tukio. Nenda ufukweni Msasani ukawasikilize wavuvi. Akikuambia chombo kitaondoka maji yakianza kupwa, amekupa miadi ambayo bahari yenyewe inaisimamia. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku husogea mbele kwa takriban dakika 50, kwa hiyo anayejua ya leo anajua ya kesho. Hiyo ndiyo kazi ya "as soon as" kwenye Kiingereza, na ya "-po-" na "-ki-" kwetu. Ila chagua tukio linaloonekana. "Nikipata hela nitakulipa" ni tukio analoliona mdaiwa peke yake. "Boom likiingia" mnaliona wote.

Ya pili ni tarehe na saa, iliyoandikwa. Hapa chunga mtego wa saa zetu: saa kumi ya Kiswahili jioni ni "4 pm", na wapo waliokosa usaili kwa kusoma "10:00" kama saa kumi. Andika zote mbili.

Ya tatu ni kujua sheria inasemaje pasipo tarehe. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, iliyofuata mfano wa ile ya India ya 1872, inasema kwamba mkataba usiotaja muda wa kutekelezwa utekelezwe ndani ya muda unaofaa, na muda unaofaa ni upi hutegemea mazingira ya kila shauri. Kwa lugha ya mtaani: usipoandika tarehe, hujapoteza haki, ila umejipa kazi ya kwenda kubishana juu yake. Kwa mwanafunzi mwenye begi barazani kwa watu, kubishana ni gharama. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Sipigi marufuku "soon". "Get well soon" ni dua njema. Hakuna anayemdai mgonjwa tarehe. "See you soon" ni mapenzi. Neno linafaa pale ambapo hakuna anayelipa gharama ya kungoja. Pale ambapo yupo anayelipa, uliza swali la neno moja: lini?

Jipime

1. Sahihisha: "As soon as the results will be out, inform me."
2. Tafsiri kwa Kiingereza: "Amehamia Msasani hivi karibuni."
3. Tafsiri kwa Kiingereza: "Mvua kuanza tu, barabara ikajaa maji." Tumia "no sooner".
4. Andika upya ili mpangaji aweze kudai: "Chumba kitakuwa tayari soon."

Majibu. La kwanza: "As soon as the results are out, inform me." La pili: "She has recently moved to Msasani", ukiweka "soon" umekosa. La tatu: "No sooner had the rain started than the road flooded." La nne lina majibu mengi, mradi liwe na siku, saa, na nini kitatokea siku hiyo ikipita. Mfano: "Chumba kitakabidhiwa Jumamosi saa nne asubuhi, yaani 10 am, kisipokabidhiwa, kodi yote inarudishwa siku hiyohiyo." Mwenye nyumba akikataa kutia sahihi hapo, umeshajua "soon" yake ni ipi, na bado hela iko mfukoni mwako.